Mwili Ndio Mwalimu Wangu: Hotuba kwa Wasanii Wanaojifundisha Wenyewe

Ndugu zangu, wazee wetu mliotutangulia katika kazi za mikono, na ninyi wadogo zangu ambao ndio kwanza mnaanza, nawasalimu nyote. Wenzetu walioshindwa kufika waliomba maneno haya yaandikwe ili nao wayapate, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Nianze na swali. Nani kati yenu amewahi kuonyesha kazi ya mikono yake, na kitu cha kwanza alichoulizwa kikawa, "Umesomea wapi?" Inueni mikono. Naam, naona mikono mingi. Mtu hajaishika ile kazi, hajaigeuza kuona ilivyofungwa kwa nyuma, tayari anataka cheti. Nami nimeulizwa hivyo miaka nenda, miaka rudi, kwa sababu sanamu ninazotengeneza ni za kuvaliwa: vidani vinavyofunika mabega, taji za waya, bangili za bati zinazopanda kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Wachongaji wakiziona wanasema huu ni urembo. Masonara wakiziona wanasema hizi ni sanamu. Na wote wawili wananiuliza nimesomea wapi.

Leo ninawajibu. Nimesomea kwenye shingo za watu. Nimesomea kwenye mabega yao, kwenye ncha za masikio yao, kwenye mifupa miwili ile inayojitokeza chini ya koo, mitulinga. Mwili wa mtu anayevaa ndio mwalimu wangu, na sijapata kuona mwalimu mkali kuushinda.

Sanamu ya kuwekwa mezani unaweza kuigeuza upande wenye dosari ukaelekea ukutani. Inaweza kuwa nzito, isimsumbue mtu. Inaweza kuwa na ncha kali, watu wakakaa mbali nayo. Ya kuvaliwa haikupi nafasi hiyo hata kidogo. Mtu akiivaa, punde shingo inasema nzito. Bega linasema inateleza. Ngozi inasema inakwaruza. Na mtu huyo hahitaji kujua lolote kuhusu sanaa ili akupe majibu hayo. Anaanza tu kuisogezasogeza kwa vidole bila kujitambua, nawe ukiwa na macho unaona. Ndiyo maana nasema njia hii inamfaa sana mtu ambaye hakupitia chuo. Masahihisho unayapata papo kwa papo.

Lakini kwanza niondoe dhana moja inayotusumbua.

Kujifunza mwenyewe si kujifunza peke yako. Nani alianza kushika koleo bila kumwona mtu mwingine amelishika? Hakuna. Nichukue mfano wa Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Huyu hakusomea sanaa chuoni. Akiwa mtoto alitamani sana miwani, baba yake hakutaka kumpa. Akamwambia akitaka miwani atengeneze yake mwenyewe. Naye akatengeneza! Hakuacha tena. Kwa vyuma chakavu, nyaya, vipande vya vifaa vya umeme vilivyotupwa, amekuwa akiunda miwani ambayo kila moja ni sanamu kamili, na kuipa kazi hiyo jina la C-Stunners. Mwaka 2015 miwani yake ilikuwemo katika maonyesho makubwa ya ubunifu wa Afrika kwenye jumba la Vitra Design Museum, Ujerumani.

Watu wanaisimulia habari hiyo kama habari ya ukaidi wa mtoto, au ya takataka kugeuka mali. Mimi naitazama kifundi. Miwani ina sehemu tatu tu za kushikilia: pua, na masikio mawili. Hata uiongezee mabawa, minara, vizibo na nyavu, uzito wote lazima uishie kwenye sehemu hizo tatu, na mtu aweze kusimama nayo bila kuinamisha kichwa. Mtoto aliyeanza kucheza na miwani alianza, bila kuambiwa na mtu, kwenye somo gumu kabisa la kazi hii: mahali mzigo unapotua. Pua ilimfundisha. Masikio yalimfundisha. Na baba yake, kwa lile jibu moja, alimfundisha pia.

Mwingine ni Alexander Calder wa Marekani, huyu ambaye dunia inamjua kwa sanamu zake zinazoning'inia na kuyumba kwa upepo. Mwaka 1906 alikuwa na miaka minane. Mafundi wa umeme walikuwa wakiacha barabarani vipande vya waya wa shaba baada ya kuunga nyaya zao, naye akaviokota akawatengenezea mapambo wanasesere wa dada yake. Baadaye alisomea uhandisi wa mitambo, akamaliza mwaka 1919, na sanaa akaisomea baada ya hapo. Lakini vile vidani na bangili hakuviacha. Katika maisha yake alitengeneza vipatavyo 1,800. Na mkivitazama vizuri mtaona kwamba kulehemu karibu hakuna. Waya umefuliwa kwa nyundo, umekunjwa kuwa kitanzi, kitanzi kimepitishwa ndani ya kitanzi kingine, au vipande viwili vimeshikwa kwa ribiti, kile kipini cha metali kinachopitishwa tunduni na kugongwa kichwa. Kwa hiyo yule kijana anayeniambia hawezi kuanza kwa sababu hana mtungi wa gesi wala mashine, ninamwambia: koleo unalo? Nyundo unayo? Basi kaa chini tuanze.

Sasa niingie kwenye jambo linalonigusa zaidi, nalo ni kukaa na kitu kimoja.

Mimi nilikaa na waya wa shaba nyekundu, ule unaotoka ndani ya nyaya za umeme zilizokwisha kazi. Nilikaa nao muda mrefu kabla sijagusa kitu kingine chochote. Na waya huu una tabia. Ukiupinda mara ya kwanza unakubali kama uzi. Ukiunyoosha na kuupinda pale pale tena, unaanza kukataa. Ukiendelea kuulazimisha, unakatika. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya metali chembe zimejipanga safu kwa safu, na kila unapoipinda au kuigonga, safu hizo zinasongamana na kuzuiana zisiteleze. Metali inakakamaa. Dawa yake ni moto.

Ngoja nieleze taratibu, maana hapa ndipo penye ufundi. Unakwenda mahali penye kivuli. Juani huwezi kuona rangi ya moto kwenye shaba, na rangi ndiyo kipimo chako. Unaupasha waya pole pole, moto ukitembea, usiusimamishe mahali pamoja. Kwanza shaba inabadilika kuwa na rangi rangi, zambarau na buluu, kisha inakuwa nyeusi, kisha ndani ya ule weusi unaona wekundu uliofifia. Hapo hapo, toa. Usingoje uwe mwekundu wa kung'aa. Unautumbukiza majini, unasikia ule mlio, na ile ngozi nyeusi inabanduka kwa magamba. Unaushika: waya uliokuwa ukirudisha vidole sasa unalala kiganjani. Unaweza kuukunja upya, kuupasha tena, kuukunja tena, na shaba haichoki.

Kisha unauweka juu ya fuawe, unaugonga. Unatanuka, unang'aa, na ule ukakamavu unarudi. Na sasa sikilizeni: huo ukakamavu si adui. Ninapotengeneza kidani cha shingo, ile sehemu ya nyuma inayotanuka mtu anapokivaa na kurudi kukumbatia shingo, hiyo naiacha ikiwa imefuliwa, ikakamae, ifanye kazi ya springi. Sehemu ya mbele inayopaswa kufuata mikunjo ya mwili, hiyo naipasha moto iwe laini ili mvaaji aikandamize kwa vidole ikae anavyotaka. Kipande kimoja cha waya, tabia mbili, na aliyeamua ni mkono wako.

Msije mkadhani kila metali ni hivyo. Feleji yenye kaboni nyingi ukiipasha ikawa nyekundu na kuitumbukiza majini, inakuwa ngumu na kuvunjika kama kioo, kinyume kabisa cha shaba. Alumini haiwi nyekundu kwanza ili kukuonya; inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 ikiwa bado na rangi yake ile ile, na ghafla kazi yako imekuwa tone sakafuni. Mafundi wana njia yao: wanapaka sabuni ya kipande juu ya bati la alumini, wanapasha, na sabuni ikigeuka nyeusi wanajua imetosha. Anayerukaruka leo shaba, kesho alumini, keshokutwa resini, ule utomvu wa kiwandani unaomiminwa ukaganda, hafiki kwenye vitu hivi. Kila metali ina lugha yake, nayo haisemi na mgeni.

Mpaka hapo nilikuwa natengeneza ndege na wanyama wa waya wa kuweka rafuni. Walikuwa wazuri, na walikuwa wamekufa. Siku moja mpwa wangu, mtoto mdogo, alimchukua ndege mmoja akamkita kwenye nywele zake na kutoka nje kucheza. Nilimwona kwa mbali. Kila alipopiga hatua, shingo ya yule ndege ilitikisika. Alipogeuka kuitwa, ndege naye akageuka, halafu akachelewa kidogo kutulia. Rafuni ndege yule hakuwahi kufanya hivyo hata mara moja! Nami nikaona kwamba nilikuwa nikihangaika kuchonga mwendo ndani ya waya, wakati mwendo upo tayari, upo bure, upo kwenye mwili wa kila anayetembea.

Tangu hapo sikutengeneza tena kitu cha kukaa rafuni. Na hapo ndipo darasa lilipoanza hasa.

Somo la kwanza la mwili ni uzito, na uzito una hesabu yake. Chukua ukosi mpana wa kufunika mabega na kifua, tuseme eneo la sentimita za mraba 600, bati la unene wa milimita moja. Ukiukata kwa shaba nyekundu, utakuwa na zaidi ya nusu kilo. Ukiukata ule ule kwa alumini, haufiki gramu 170, kwa sababu alumini haifikii theluthi ya uzito wa shaba. Je, nusu kilo ni nyingi? Inategemea imetua wapi. Ikining'inia kwenye ukanda mwembamba nyuma ya shingo, mvaaji ataanza kuinama kabla shughuli haijafika katikati. Ikitandazwa juu ya mabega yote mawili, ikaegemea ule msuli unaotoka shingoni kwenda begani, mtu yule yule ataivaa jioni nzima na kusahau kwamba ameivaa. Mzigo ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pa kutua.

Halafu kuna mitulinga. Ukosi mgumu ukilala juu ya mfupa ule, uwe mpana au mwembamba, mtu hatavumilia, maana pale hapana nyama, kuna ngozi juu ya mfupa basi. Lazima kazi ipande juu yake kama daraja au iupite kwa chini. Hili hutalisoma kwenye mchoro. Ndiyo sababu kabla sijakata metali ninakata karatasi ngumu, ninaivalisha kwa mtu, ninamwambia geuka kulia, geuka kushoto, inama ufunge kiatu, kaa, cheka. Ndiyo, cheka! Shingo ya mtu anayecheka si shingo ya mtu aliyesimama kimya. Kila karatasi inapopanda au kukunjamana, ninatia alama kwa penseli, ninapunguza, ninavalisha tena. Karatasi ikishakubaliwa na mwili, hapo ndipo ninachukua mkasi wa bati.

Na wale wa waya, shikeni hesabu hii nyingine, itawaokoa. Waya wa milimita mbili una uzito mara nne ya ule wa milimita moja kwa urefu ule ule, lakini ukakamavu wake ni mara 16. Kwa hiyo nguzo chache nene na matawi mengi membamba zitakupa sanamu nyepesi isiyolegea. Waya mmoja wa wastani kila mahali utakupa kitu kizito na kinacholegea.

Somo la pili ni mwendo. Kuna mtu ninayempenda sana katika fani hii, Art Smith. Alizaliwa Cuba mwaka 1917, wazazi wake wakiwa watu wa Jamaika, akakulia New York. Kazi ya metali aliipata kwa kufanya kazi na fundi mwanamke, Winifred Mason, kisha mwaka 1946 akafungua duka lake mtaa wa Greenwich Village, huko huko New York. Smith alitengeneza mapambo ya vikundi vya densi vya Wamarekani weusi, vikiwemo vya Talley Beatty na Pearl Primus. Jukwaa lilimlazimisha kuwaza makubwa, maana hereni ndogo haionekani na aliyekaa nyuma ya ukumbi. Lakini mcheza densi anaruka, anazunguka, anajirusha chini. Kitu kikubwa, na mwili usiotulia! Ndipo vikapatikana vidani vyake vile vya matao ya shaba vinavyozunguka shingo na kushuka kifuani, vinavyoacha nafasi tupu ili ngozi yenyewe iwe sehemu ya mchoro.

Nami nilipata somo hilo kutoka kwa mcheza ngoma aliyevaa kazi yangu moja, ukosi wenye matawi marefu. Alipomaliza mazoezi hakuniambia ni nzuri wala mbaya. Alisema, "Tawi la kushoto linaniambia nisinyanyue mkono." Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Kila unachomvisha mtu kinamwambia jambo: inua kidevu, tembea taratibu, usigeuke ghafla. Msanii anapaswa kujua kazi yake inamwambia nini mvaaji, na kulichagua neno hilo kwa makusudi. Tukalipindisha lile tawi likaelekea nyuma, naye akanyanyua mikono yote miwili.

Somo la tatu ni kingo, nalo nitalisema kwa kifupi kwa sababu halina siri, lina uvumilivu tu. Piga tupa, piga msasa wa kukwaruza, piga msasa laini, kisha chukua donge la pamba ulipitishe kwenye kila ukingo na kila ncha. Pamba ikinasa hata uzi mmoja, hapo pana kinywele cha metali, na kinywele hicho kitachana nguo au ngozi. Rudi kwenye tupa. Ncha ya waya ikunje irudi ndani. Upande unaogusa ngozi upewe matunzo kuliko upande unaoonekana. Shaba na jasho huacha alama ya kijani, haidhuru, lakini mvaaji haipendi, kwa hiyo paka nta au vanishi kwa ndani. Nikeli iepukeni: watu wengi ngozi zao hupata upele kwa sababu yake, hata nchi za Ulaya ziliiwekea sheria mwaka 1994 kwa vitu vinavyogusa ngozi muda mrefu.

Na kabla ya yote, vaa wewe mwenyewe. Mwaka 1956 msanii wa Japani, Atsuko Tanaka, alitengeneza vazi la balbu za umeme zilizopakwa rangi na mafundo ya nyaya, likimfunika toka kichwani, likiwaka na kuzima. Lilikuwa zito, lilikuwa na joto, na umeme ulikuwa unapita juu ya mwili hai. Aliyeingia ndani yake mbele ya watu jijini Tokyo alikuwa Tanaka mwenyewe. Sisemi mfanye kazi ya hatari namna ile. Ninasema hivi: usimvishe mtu kitu ambacho hujakivaa wewe mchana kutwa, ukila nacho, ukipanda nacho ngazi, ukikivua bila msaada. Hilo la mwisho msilisahau. Mvaaji lazima aweze kujivua haraka akishikwa na kizunguzungu au akinaswa mahali. Fundo lisilofunguka kwa mkono mmoja halifai shingoni.

Sasa nataka mnisikilize vizuri zaidi, hasa ninyi wadogo zangu mnaofanyia kazi ndani ya chumba mnacholala.

Rebecca Horn, msanii wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2024, alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi alipokuwa akitengeneza sanamu kwa resini ya poliesta na nyuzi za kioo. Hakuvaa barakoa. Hakuna aliyemwambia kwamba vitu vile ni sumu. Mapafu yake yakaumia vibaya, akakaa karibu mwaka mzima kwenye sanatoria, hospitali ya kuuguza mapafu. Kule kitandani vitu vigumu hakuviweza tena. Akachora kwa penseli za rangi, akashona vitambaa. Na kutokana na kushona kule zikatoka kazi zilizompa jina: mwanamke anayetembea kondeni na pembe ndefu nyeupe iliyofungwa kichwani kwa mikanda, na ile ya mwaka 1972 ya vidole virefu vya mbao nyepesi na kitambaa, vinavyomwezesha mvaaji kugusa vitu vya mbali huku amesimama wima.

Msije mkasema ugonjwa ulimpa sanaa. Sanaa alikuwa nayo. Ugonjwa ulimnyang'anya pumzi, ambayo hairudi yote. Chuoni kuna mtu wa kukupigia kelele uvae barakoa. Sisi tuliojifunza wenyewe, nani atatupigia kelele? Basi leo nazipiga mimi! Usichome plastiki ya nyaya ili upate shaba. Moshi wake ni sumu, na kisu kinatosha kuimenya. Usipashe moto waya au bati lililopakwa zinki. Moshi ule mweupe huleta homa na kutetemeka usiku wa siku hiyo hiyo. Metali ya risasi isitumike kuunga kitu kitakachogusa mwili. Barakoa ya vumbi huzuia vumbi tu, haizuii mvuke wa resini. Mvuke unataka barakoa yenye vichujio vya kaboni, na madirisha wazi. Kwenye mashine inayozunguka, funga nywele, vua mkufu, na glavu zilizolegea ziweke kando, kwa sababu mashine hukamata glavu pamoja na mkono uliomo. Mwili ndio mwalimu, nimesema. Wa kwako pia ni mwili.

Limebaki moja, nalo hunipa furaha kulisema. Kazi hii haikamiliki karakanani.

Mbrazili Hélio Oiticica alianza mwaka 1964 kutengeneza majoho aliyoyaita Parangolé, ya vitambaa, magunia, plastiki, tabaka juu ya tabaka. Ukiyatundika ukutani, ni rundo la matambara. Yalihitaji mtu ayavae acheze, na Oiticica alikuwa akicheza samba na watu wa Mangueira, mtaa wa milimani Rio de Janeiro. Mwaka 1965 aliwaleta wacheza samba hao, wamevaa majoho, kwenye ufunguzi wa maonyesho katika jumba la sanaa za kisasa la jiji hilo. Hawakuruhusiwa kucheza ndani. Wakacheza nje, kwenye bustani, na wageni wakatoka kuwafuata.

Nawauliza: sanaa ilikuwa wapi jioni ile? Ndani, kwenye kuta? Au nje, mgongoni mwa watu? Mimi najua jibu langu, na ndilo hunipa nguvu kila ninapoambiwa kwamba kitu kinachovaliwa hakiwezi kuwa sanaa ya maana. Peggy Guggenheim, mkusanyaji mkubwa wa sanaa, alipofungua ukumbi wake New York mwaka 1942, sikio moja alivaa hereni ya Calder na sikio la pili hereni ya mchoraji Yves Tanguy, ili kuonyesha kwamba hapendelei upande wowote kati ya mikondo miwili iliyokuwa ikishindana. Hoja yake yote ya usiku ule aliining'iniza masikioni, na watu wakaielewa.

Kwa hiyo ninapompa mtu kazi yangu, simpi maelezo. Ninampa kioo, ninasogea pembeni, ninatazama. Wengine husimama wima ghafla. Wengine hushusha mabega waliyokuwa wameyakaza tangu walipoingia. Kuna mama mmoja aliyevaa taji ya waya akaanza kuongea kwa sauti ya chini, pole pole, na watu chumbani wakanyamaza kumsikiliza. Taji ile haikuwa na gramu 100. Sijui kama kuna mtihani wa chuo unaoweza kunipa alama kama ile.

Nimesema vya kutosha, na vitu vilivyo pale mezani havikuletwa kutazamwa. Njooni mvivae, kila mtu na chake, mkibadilishana. Ule ukosi wenye matawi unafunguka kwa nyuma, mwenzako akusaidie mara ya kwanza. Zile bangili ndefu ingizeni mkono ukiwa umekunja kidole gumba ndani. Taji vaeni kuanzia mbele kwenda nyuma. Tembeeni nazo, kaeni, inameni, chekeni. Na kando ya kioo nimeweka chaki nyeupe. Popote panapokubana, panapokukwaruza au panapokuelemea, tia alama hapo hapo kwenye metali kabla hujakivua, nami nitaondoka nazo kwenda karakanani.